Jina la Kuzaliwa na Jina la Jukwaani

Kila matusi yanapovuka mpaka mtandaoni, dawa inayotajwa kwanza ni ileile: watu walazimishwe kutumia majina yao halisi. Mwanasiasa ataidai jukwaani, mzazi ataidai sebuleni, na hata mhariri aliyechoshwa na maoni ya wasomaji wake atatikisa kichwa kukubali. Hoja yenyewe inaingia akilini upesi. Aliyejificha nyuma ya jina la bandia hana aibu. Mvue hilo jina, na aibu itamrudia. Kwa sisi tunaofanya kazi ya kusimamia mijadala, hoja hii inavutia zaidi pale unapoamka asubuhi na kukuta akaunti iliyofunguliwa usiku wa manane imemchafua mtu, kisha mwenyewe ametoweka.

Lakini dawa hii si ngeni. Kuna nchi iliyokwisha kuinywa, tena kwa sheria.

Mwaka 2007 Korea Kusini ilizitaka tovuti kubwa, zile zenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku, kumthibitisha kila mtu kabla hajaandika chochote. Miaka miwili baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi wageni 100,000, na tovuti nyingi zaidi zikaingia kwenye wavu. Uthibitisho ulitegemea namba ya usajili wa raia, yenye tarakimu 13, ambayo ndani yake mna tarehe ya kuzaliwa na jinsia ya mwenye namba. Mbele ya wasomaji mtu aliweza kuendelea na jina lake la utani, ila kampuni yenye tovuti ilijua ni nani. Waliotunga sheria waliamini kwamba kujulikana tu na kampuni kungetosha kumtia mtu adabu.

Haikutosha. Oktoba 2008, sheria ikiwa na zaidi ya mwaka mmoja kazini, mwigizaji mashuhuri Choi Jin-sil alijiua baada ya kuandamwa na uvumi mtandaoni. Nchi nzima ilihuzunika, na wapo waliodai sheria iongezwe makali. Wachache waliuliza swali gumu zaidi: mbona ile iliyopo haikuuzuia uvumi ule? Watafiti walipopima maoni ya kabla na baada ya sheria, walikuta matusi yamepungua kidogo mno, na wazoefu wa kutukana hawakutishika hata chembe.

Sheria hiyohiyo ilikuwa na ufanisi mkubwa mahali pengine. Mwaka 2008 mwandishi mmoja aliyejiita Minerva alikuwa akichambua uchumi kwenye jukwaa la mijadala la kampuni ya Daum. Alionya kwamba benki ya Lehman Brothers ya Marekani ingeanguka, ikaanguka kweli, na wasomaji wake wakaongezeka maradufu. Januari 2009 alikamatwa kwa shtaka la kueneza habari za uongo kuhusu uchumi. Wengi walikuwa wakidhani ni bingwa wa fedha aliyestaafu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, hana kazi, amejisomea mwenyewe. Mahakama ilimwachia huru Aprili mwaka huohuo, lakini watu walikwisha kuona ni nani anayefikiwa kwa urahisi.

Mwaka huo wa 2009 YouTube ilipendelea kufunga huduma ya kupandisha video na kuandika maoni kwa waliojisajili kama watu wa Korea kuliko kuwadai vitambulisho. Watumiaji wakabadilisha tu nchi kwenye mipangilio ya akaunti zao, wakaendelea. Kisha likaja pigo lenyewe. Julai 2011 wadukuzi waliingia kwenye hifadhi za tovuti za Nate na Cyworld na kuiba taarifa za watu wapatao milioni 35, katika nchi yenye watu milioni 50 hivi. Benki unaweza kubadilisha namba ya siri. Tarehe yako ya kuzaliwa utaibadilisha wapi? Agosti 23, 2012 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria hiyo kwa kauli moja: faida haikuonekana, watu walikuwa wamekimbilia tovuti za nje, na uhuru wa kusema ulikuwa umebanwa bila sababu ya kutosha.

Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndicho jaribio kubwa tulilo nalo, na limefanywa na nchi yenye intaneti ya kasi, mfumo wa vitambulisho uliokamilika na serikali yenye uwezo wa kusimamia sheria zake. Anayetaka kulirudia aje na hoja mpya.

Tunao hata ushahidi wa nyumbani, na hauhitaji mtafiti. Fungua simu yako, uingie kwenye kundi lolote la WhatsApp la ukoo, la waliosoma pamoja au la kamati ya harusi. Hapo kila mtu anajulikana: namba iko wazi, picha iko wazi, na ukitaka kujua ni mtoto wa nani unamuuliza shangazi. Mhazini anaweka orodha ya michango. Baada ya dakika chache mmoja anaandika kwamba kuna watu hodari wa kula pilau ila mkono ni mzito kutoa. Hakutaja jina, lakini mlengwa amejijua. Majibu yanaanza kushuka, mafumbo yanageuka kuwa matusi, madeni ya msiba wa miaka ya nyuma yanafukuliwa, mama mdogo anatuma dua ili kupoza mambo, na mwisho yanatokea yale maandishi madogo ya kijivu kwamba fulani amejiondoa. Uvumi nao hauna adabu kubwa huko: sauti isiyojulikana imetoka kwa nani husambazwa na watu wenye majina yao matatu na nyadhifa zao.

Chuo Kikuu cha Zurich kilikuta jambo linalofanana na hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watafiti walisoma maoni zaidi ya 500,000 yaliyoandikwa chini ya maombi ya umma kwenye tovuti moja ya Ujerumani kati ya 2010 na 2013. Waandishi waliweza kuchagua kujitaja au kutojitaja. Walioandika kwa majina yao halisi ndio waliokuwa wakali zaidi. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Anayeamini kwamba anatetea haki hataki kujificha. Anataka wenzake wamwone akitetea. Hasira yake kwake ni sifa, na jina ndilo linaloipokea sifa hiyo.

Basi kinachomlegeza mtu ulimi mtandaoni ni nini? Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani John Suler alieleza sababu kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, na kutojulikana ni moja tu kati yake. Nyingine ni kutoonekana: huoni uso wa unayemwambia. Nyingine ni kwamba majibu hayaji papo hapo. Unatupa neno, unazima simu, unakwenda kulala. Nyingine ni kutohisi mamlaka, kwa sababu mkubwa na mdogo wote ni herufi kwenye kioo. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli, waliwabishanisha watu wawili wawili katika mazingira tofauti: wengine wakijuana, wengine hawajuani, wengine wakionana, wengine hawaonani. Kilichochochea matusi kuliko vingine vyote kilikuwa kutotazamana machoni. Jina kwenye kioo haliangalii mtu machoni, hata likiwa la kwenye kitambulisho.

Suler alisema pia jambo ambalo wanaodai majina halisi hulisahau: kulegea kwa ulimi kuna upande wa heri. Ingia usiku kwenye jukwaa la afya la JamiiForums, tovuti ya mijadala ya Tanzania. Mtu anaeleza kwamba amepima VVU, majibu yametoka, mke bado hajui, aanze vipi kumwambia. Mwingine ana miaka sita kwenye ndoa bila mtoto na anaogopa kwamba tatizo ni lake. Wa tatu ni binti anayeuliza kuhusu maumivu ambayo hawezi kumtajia mama yake. Hawa wote wana majina halisi na wana watu wanaowajua. Ndiyo maana wameandika hapo.

Mjadala wetu unaharibika kwa sababu tunagawa dunia mara mbili: jina halisi upande huu, kujificha upande ule. Hali ziko tatu. Kuna asiye na jina kabisa, au mwenye jina la leo ambalo kesho halipo. Kuna mwenye lakabu ya kudumu, jina alilojipa na kulitumia mwaka hadi mwaka mahali palepale. Na kuna mwenye jina la kitambulisho. Tovuti ya habari ya Huffington Post ilipita kwenye hali zote tatu ndani ya kipindi kifupi. Awali mtu alifungua akaunti atakavyo. Mwishoni mwa 2013 ikadai akaunti zithibitishwe, ili mtu asiweze kuzifungua kumi kwa siku, ila jina la kuonekana likabaki la kujichagulia. Mwaka 2014 ikahamia kwenye maoni ya Facebook, yaani majina halisi. Watafiti waliochambua mamilioni ya maoni hayo walipima jinsi watu wanavyojenga hoja: kama wanatoa sababu, kama wanaona upande wa pili. Kipindi cha kati, cha lakabu za kudumu, ndicho kilichong'ara. Majina halisi yalipoingia, ubora ulishuka.

Mimi naamini hapo ndipo penye jibu, na nina hakika wazoefu wa majukwaa yetu wamelijua kabla ya watafiti. JamiiForums ilianza mwaka 2006 ikiitwa Jambo Forums. Tazama kinachokaa kando ya kila bandiko: lakabu, tarehe mwanachama aliyojiunga, idadi ya mabandiko yake, na alama alizopewa na wengine. Mgeni akija na uzi mzito kuhusu ufisadi, jibu la kwanza huwa, "Mkuu, umejiunga leo?" Mkongwe akigeuza msimamo, kuna atakayefukua uzi wake wa miaka kumi iliyopita na kuuweka mbele yake bila maelezo. Akidanganya ataambiwa ameleta chai. Akizidisha atakula ban, na wenzake watajua amekula ban. Hakuna anayejua kama anakaa Tabata au Tukuyu, lakini ana sifa ya kupoteza. Aibu ambayo watu wanaitafuta kwenye kitambulisho iko hapo kwenye ile lakabu, imejengwa bandiko baada ya bandiko.

Washairi wa Kiswahili wa magazetini walilijua hili zamani. Mtu alitunga kwa jina la kishairi, akaulizwa kwa jina hilo, akajibiwa kwa jina hilo, na beti zake mbovu zilihesabiwa dhidi ya jina hilo. Wasomaji wa mikoa ya mbali hawakuhitaji kumjua kwa sura ili kumpa au kumnyima heshima. Hata hivyo kuna maneno ambayo hata lakabu haikuyafaa. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika karatasi iliyosambazwa kwa siri, Kenya: Twendapi?, akihoji mwelekeo wa serikali. Alipatikana, akafungwa miaka mitatu. Humo gerezani alitunga mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki.

Kisa hicho kinatupeleka kwenye swali ambalo kwangu ni zito kuliko la adabu: usijulikane na nani? Kutojulikana na wasomaji ni kitu kimoja. Kutojulikana na mwenye jukwaa ni kingine. Kutojulikana na dola ni cha tatu, na wengi wanaodhani wanacho hawanacho.

Hebu tufuate bandiko moja. Umejisajili kwa lakabu na barua pepe uliyoifungua kwa jina la kubuni. Unaandika, unabonyeza kutuma. Seva ya jukwaa inaandika kwenye kumbukumbu zake tarehe, saa hadi sekunde, aina ya simu, na anwani ya IP uliyoitumia kwenye intaneti wakati huo. Anwani hiyo ni ya kampuni ya simu. Kampuni ya simu nayo ina kumbukumbu zake za laini ipi ilikuwa ikiitumia anwani ile sekunde ile, na mara nyingi kupitia mnara upi. Laini hiyo, kwa Tanzania, ilisajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA. Siku ya mwisho kabla ya zisizosajiliwa kuanza kuzimwa ilikuwa Januari 20, 2020. Kutoka lakabu hadi kidole chako ni hatua tatu. Kinachokulinda ni kwamba hatua ya kwanza iko mikononi mwa mwenye jukwaa, na anaweza kukataa.

Anaweza, lakini si bure. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru mtu atoe data kwa ajili ya upelelezi, bila kupita kwanza kwa hakimu. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa baada ya kukataa kutoa taarifa za wanachama walioandika tuhuma za ufisadi. Kesi zilichukua miaka. Katika moja aliachiwa huru. Katika nyingine, Aprili 2020, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi na kumpa chaguo la faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Watu wale walioandika hawakutolewa. Sijui heshima gani inamtosha mtu aliyebeba gharama hiyo kwa ajili ya watu ambao wengi wao hajawahi kuonana nao.

Upande wa pili nao una haki, tena haki nzito. Msichana ambaye picha zake za faragha zimesambazwa na akaunti isiyo na jina hawezi kuambiwa kwamba uhuru wa kusema unamzuia kumpata aliyemtenda. Anastahili kufika hadi kwa huyo mtu, na haraka. Tofauti iko kwenye mlango anaopitia. Hakimu akisikiliza madai yenye tarehe, bandiko lenyewe na kosa linalotajwa kwa jina, akaamuru data za akaunti ile moja zitolewe, hapo haki ya msichana imetendeka na wanachama wengine hawajaguswa. Ofisa anayetaka orodha kwa barua yake mwenyewe, siku moja atamtafuta mbakaji, na siku nyingine atamtafuta mhasibu aliyevujisha mkataba, na karatasi itakuwa ileile.

Wakati mwingine hata barua haihitajiki, kwa sababu mwandishi amejitaja mwenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno yaliyotafutwa mtandaoni na watumiaji wake wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa habari walikuwa wamempata mwanamke mmoja kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta: maradhi yake, mji wake, jina la ukoo wake. Mwaka 2013 gazeti moja la Uingereza lilipotilia shaka riwaya ya mwandishi mpya Robert Galbraith, wataalamu waliipima kwa kompyuta, wakihesabu urefu wa maneno na yale maneno madogo ambayo mtu huyaandika bila kufikiri. Vipimo vilielekea kwa J.K. Rowling, naye akakiri.

Sasa mchukue muuguzi wa zahanati anayeandika kwa lakabu kwamba dawa za serikali zinauzwa duka la ng'ambo ya barabara. Anasema yuko wilaya fulani, zahanati iko karibu na mnada, wauguzi wako watatu, na yeye amehamishiwa hapo Machi. Hakuna haja ya seva wala mnara. Mganga mkuu akisoma uzi ule ameshamjua kabla ya kufika mwisho. Angeandika mkoa tu, aina ya dawa na namna wizi unavyofanyika, taarifa ingebaki na uzito wake. Na angeutuma ujumbe huo kwa simu yake mwenyewe akiwa nyumbani, wala si kwa kompyuta ya kazini.

Kwa wenye majukwaa nina madai matatu, na wa kwanza kudaiwa ni wenzangu wa kazi. Usitunze usichokihitaji: kumbukumbu za IP za kupambana na matapeli zinatosha kukaa siku chache, kisha zifutwe, kwani kilichofutwa hakiibiwi na hakidaiwi. Fanya akaunti mpya iwe na safari: isianzishe uzi unaomtaja mtu kwa jina siku ya kwanza, mabandiko yake ya mwanzo yapitiwe na msimamizi. Hii ndiyo inayowapunguza watukanaji wa usiku wa manane, bila kumgusa yule mwenye VVU. Na adhabu ziandikwe waziwazi kwenye lakabu, ili mwenye nayo aone kilichompata na wengine wajifunze.

Jina halisi nalo lina mahali pake, na hapo mimi ni mkali. Pale ambapo neno la mtu lina uzito kwa sababu ya cheo chake, cheo hicho kithibitishwe. Mbunge anayejibu wapiga kura ajibu kama mbunge. Mwenye kampuni asije na lakabu kusifia bidhaa zake. Na kwenye jukwaa la afya, anayemwambia mgonjwa aongeze au apunguze dozi aonyeshe jina lake na namba yake ya usajili ya Baraza la Madaktari Tanganyika, huku yule aliyeuliza akibaki na lakabu yake, na msimamizi asimuulize zaidi ya hapo.